Chumvi ya Ghorofa ya Chini

Kila nikija harusini au msibani huku Riverdale Park, Marekani, hakosi kijana wa kuniuliza, "Bibi, ni kweli ulikuwa unafanya kazi ya daraja?" Nikisema ndiyo, anadhani nilikuwa nakata tiketi. Mwingine aliniuliza kama nilikuwa naliendesha. Daraja haliendeshwi, mwanangu. Linafagiliwa, linaoshwa, linagongwagongwa kwa nyundo, linapakwa rangi, na ukimaliza upande mmoja, ule ulioanzia umeshashika kutu tena. Hiyo ndiyo kazi niliyofanya mpaka magoti yakagoma.

Nimeamua kuandika humu kwenye kikundi chetu cha simu kwa sababu nasikia mnaambizana uongo. Mnasema ghorofa ya chini ya lile daraja ilifungwa na watu wa reli kwa kuwa hawataki wageni wapite. Mmoja wenu kaweka hata video, kasimama mbele ya uzio, kakunja uso. Nawapenda, lakini hapo hamjui mnachokisema. Waliofunga ni watu wa reli, kweli. Aliyewapigia simu waje kufunga ni mimi. Mimi Zuhura, mzaliwa wa Tabora, niliyelitunza daraja lile kuliko nilivyotunza jiko langu. Tulieni niwaeleze, ili mkitaka kunikasirikia mnikasirikie kwa jambo la kweli.

Kwa mliokuja juzi: daraja lile lina ghorofa mbili. Juu inapita treni, ya mizigo na ya abiria. Chini kuna sakafu ya mbao nene. Zamani sana, kabla hata baba yangu hajazaliwa, mbao zile zilipitisha mikokoteni ya wakulima. Baadaye zikapitisha magari. Kaunti ilipojenga daraja kubwa la barabara kule mbele, magari yakahamia huko, na chini pakabaki pa waendao kwa miguu na wenye baiskeli. Chuma chote ni cha reli. Mbao na vishikio vya chini ni vya kaunti, na mimi nilikuwa mtu wa kaunti. Mwenye nyumba anaishi juu, mpangaji anaishi chini, na mwenye nyumba ana tabia ya kutembea na viatu usiku kucha.

Watu wetu walilihitaji kuliko watu wengine. Upande huu kuna majumba yetu ya kupanga. Upande wa pili kuna stesheni, vituo vya mabasi, nyumba za wazee wanaotunzwa, na njia ya kwendea maghala ya Landover. Ukipita chini ya daraja, chai yako inafika kazini ikiwa bado ya moto. Ukizunguka, ni mabasi mawili na kipande cha barabara kuu kisicho na njia ya miguu, malori yanakupeperushia mtandio wako kama bendera. Asiye na gari alijua thamani ya zile mbao.

Siku yangu ya kwanza niliaibika. Baba yangu alikuwa fundi wa karakana ya reli Tabora, kwa hiyo nilijiona mjuzi wa treni. Lakini Tabora treni inapita ardhini, unaitazama. Huku inapita utosini. Nilikuwa nafagia, mara daraja zima likaanza kutetemeka, mlio ukanijia kutoka kila upande. Nilitupa ufagio nikatimua mbio. Nikakimbia mpaka mwisho wa daraja, na treni yenyewe, ya mizigo, ilikuwa bado haijamaliza mabehewa. Nilipogeuka, msimamizi wangu alikuwa amesimama palepale, amejishika tumbo kwa kicheko. Akaniuliza kama nimemaliza mazoezi.

Huyo aliitwa Clarence, Mmarekani mweusi wa Carolina Kusini, mrefu, mwenye sauti ya polepole. Alinifundisha kila kitu. Treni ikija, usikimbie. Simama chini ya boriti nene, inamisha kichwa, shika kofia, funga mdomo. Nilidhani la mdomo ni utani, kumbe juu huanguka kila kitu: vumbi la kutu, kokoto, mapande ya barafu, kinyesi cha njiwa. Siku moja nilidondokewa na nusu ya mkate uliotiwa mayai, sijui wa fundi gani wa juu. Clarence akasema nishukuru, hakuna mtu wa kaunti aliyewahi kulishwa na watu wa reli.

Alinifundisha kukagua ribiti, vile vipande vinene vya chuma vyenye vichwa viwili vilivyoshika daraja zima. Unaweka kidole upande mmoja wa kichwa, unagonga upande wa pili kwa nyundo ndogo. Kidole kikisikia mtikisiko, ribiti imelegea, weka alama ya chaki uwaite wa reli. Sikio nalo lina kazi yake. Chuma kizima ukikigonga kinalia ngaa! Kilichooza kinajibu du, kama umegonga gunia la mahindi. Nikiwa nyumbani nilijikuta nagonga masufuria. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliniuliza kama nayauza.

Makosa niliyafanya, tena ya kujionyesha. Siku moja Clarence hakuwepo, nikaona nimfurahishe. Nikaamka na alfajiri, nikapaka rangi kishikio chote cha upande wa mto kabla jua halijapanda. Nilisahau umande. Rangi ukiipaka juu ya chuma chenye umande haishiki, inakaa juujuu tu. Wiki haikuisha ikaanza kubanduka kama ukoko. Clarence hakunifokea. Alinipa brashi ya waya akanionyesha mwanzo wa kishikio.

Nikiwa pale nakwangua aibu yangu, nikasikia sauti nyuma: "Pole na kazi, yaya. Hii rangi haiyakauka?"

Niligeuka kama niliyeitwa na mama yangu. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sare ya watunza wazee na mkoba mkubwa begani. Ndiye Furaha, mtu wa Bukavu, alikuwa mgeni hata mwaka hajafikisha. Nilimweleza kisa cha umande, akacheka mpaka akaegemea kishikio chenyewe, akaondoka na rangi kwenye mkono wa koti. Kwao yaya ni dada mkubwa, na toka siku hiyo akawa mdogo wangu. Alipita kila asubuhi kwenda kazini na kila jioni akirudi, na alikuwa na tabia ya kupiga ubao wa kwanza kwa kisigino, kama mtu anayebisha hodi. Siku za baridi aliniletea chai ya tangawizi. Nikichelewa kumwona, nilianza kuchungulia mwisho wa daraja.

Sasa sikilizeni habari ya chumvi, maana ndiyo iliyotufikisha hapa.

Mnajua theluji ikianguka nchi hii watu wanamwaga chumvi kila mahali. Inayeyusha barafu, watu hawaanguki. Pale kwenye daraja ilikuwa marufuku. Mbao zina nafasi katikati, na maji ya chumvi yanapenya yanashuka mpaka kwenye miguu ya nguzo, pale vyuma vinapokutana. Miguu hiyo hiyo ndiyo inayobeba treni ya juu. Clarence alikuwa amekubaliana zamani na wakubwa wa reli, kwa kupeana mikono tu: watu wataachwa wapite chini, mradi kaunti haiweki chumvi. Tulitumia mchanga. Mchanga mkavu unapeperuka, ndiyo sababu wengi wanaudharau. Siri yake ni maji ya moto. Uloweshe kidogo kwa maji ya moto, umwage, utashikana na barafu uwe mgumu kama msasa. Nilikuwa natoka na birika mbili na ndoo, nafagia theluji kabla haijakanyagwa, kisha mchanga. Masika ikifika, theluji imekwisha, tunaosha kila kitu kuanzia juu kushuka chini, tunazibua matundu ya kutolea maji, tunaondoa viota vya njiwa. Kazi ya kijinga, vijana wa kaunti walisema. Miaka yote ile hakuna aliyeteguka mguu pale.

Kisha mambo yakabadilika. Clarence alistaafu akarudi kwao, akafa huko, na sikumzika. Hilo nalo linaniuma. Kikosi chetu kikapunguzwa. Wakaja makandarasi, na vidude vya kuruka vyenye kamera. Sivikashifu, vinaona mahali ambapo mimi nililala kifudifudi miaka nisipaone. Ila havifagii. Nami magoti yakanishinda, nikastaafu, nikahamia Germantown kwa binti yangu kumsaidia na wajukuu. Majira ya baridi ya kwanza baada yangu, hakuna aliyekwenda na birika. Barafu ikaganda kwenye mbao, na Furaha akaanguka akavunjika kifundo cha mkono.

Jumuiya yetu haikai kimya mtu akiumia. Mama Njeri, Mkenya, muuguzi, ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, Waislamu kwa Wakristo. Mwanamke mwema, mikono yake haijui kukaa. Akawaandikia watu kwenye kikundi cha simu: theluji ikianguka, familia zinazoishi karibu zipeleke chumvi darajani kabla ya watu wa zamu ya asubuhi. Wakaitikia. Nikiwa Germantown nikaona picha: mbao nyeupe, na nyie watoto mmeshika mifuko mnacheka, chini yake watu wameandika Mungu awabariki, amina, hongereni. Nikampigia palepale.

"Mama Njeri, msimwage chumvi pale."

"Haiya! Na watu wakianguka? Si ulimwona Furaha na plasta?"

Nikamweleza yote, nguzo, miguu, makubaliano. Alinisikiliza vizuri, hana kiburi. "Sawa, Mama Zuhura, tumekuskia. Sasa tuta-reduce. Nitawaambia kila familia iweke kidogo tu, kikombe kimoja."

"Siyo kidogo. Msiweke."

"Kidogo tu, mama. Jameni, ni watu wanaenda job."

Hapo ndipo tulipoharibikiwa, na ni kosa la watu wetu hasa. Mnatujua kwa michango. Harusi mchango, msiba mchango, mtoto kamaliza shule mchango. Hakuna anayetaka kusikia kwamba siku ile mkono wake haukuwepo. Ilipokuwa mfuko mzima, zilikuja familia chache tu, zenye gari la kubebea. Ilipotangazwa kikombe, nani atashindwa na kikombe? Walikuja Wakenya, walikuja Wabongo, Wakongo wakaja na watoto wote. Wakaja hata wenye magari, ambao hawajawahi kukanyaga zile mbao. Chumvi ya madukani ilipoisha, watu walileta ya jikoni. Kila mmoja akaweka kidogo, akapiga picha, akaondoka na moyo mweupe. Haba na haba hujaza kibaba, na kile kibaba kilimwagikia kwenye miguu ya nguzo zangu.

Nyie mlitumwa na mama zenu, mkamwaga, na mlipoona barafu inapasuka mkarudia kwa raha yake. Siwalaumu hata kidogo. Nami nilijaribu njia yangu. Nilikuja siku moja na mifuko ya mchanga nikaiacha mwanzo wa daraja, nikamwaga na kiasi kwa mfano. Niliporudi nikakuta umefagiliwa wote. Mtu mwenye nia njema aliona unachafua viatu vya waendao kanisani. Nilitakiwa niwe pale kila theluji, nisimame na birika langu, niwe kero. Lakini Germantown ni mbali, wajukuu wananingoja kuvalishwa, nikajiambia chumvi ya mikono ya watoto itafanya nini. Yakapita majira matatu ya baridi.

Masika ile nilikuja Riverdale Park kumwona mgonjwa. Nyundo yangu ndogo na bisibisi vilikuwa mkobani. Binti yangu ananicheka kwa hilo, mwacheni acheke. Nikateremka ukingoni mwa mto taratibu, nimeshika miti, mpaka kwenye mguu wa nguzo ya kwanza. Nikagonga. Du. Nikaenda wa pili. Du. Wa tatu ulidondosha ganda la kutu pana kuliko kiganja changu. Nikaingiza ncha ya bisibisi kwenye maungio, ikaingia kama kwenye kiazi kilichoiva. Wakati huohuo treni ya abiria ikapita juu, na mimi nikiwa na mkono juu ya chuma nikaona kibati cha maungio kinafunguka na kujifunga. Sijawahi kuona kitu kile katika miaka yangu yote pale. Nilipanda juu nikakaa kwenye ubao.

Furaha alinikuta hapo akirudi kutoka kazini. Ilikuwa Jumanne.

Lazima niwaambie wiki ile ilikuwa wiki gani kwake. Kwa miaka alikuwa akipewa zamu za vipande, asubuhi kwa huyu, usiku kwa yule, watoto wake anawaona wamelala. Sasa alikuwa kwa bibi mmoja mgonjwa, upande wa pili wa mto, na wana wa bibi yule walikuwa wanajaribu watunzaji wawili. Siku ya Ijumaa wangechagua mmoja wa kubaki, zamu ya mchana moja kwa moja, jioni yuko nyumbani kwake. Kijana wa bibi yule alikuwa ametamka wazi kwamba anachokitaka ni mtu asiyechelewa. Na Furaha hakuwahi kuchelewa, kwa sababu alikuwa na daraja.

Nilimwambia nilichokiona. Sikumficha.

"Yaya, iko mubaya sana?"

"Mbaya."

"Itaanguka?"

"Sijui. Anayejua ni mwenye vipimo. Inabidi niwapigie waje."

"Na bakikuya batafunga?"

"Watafunga huku chini. Leo leo."

Aliweka mkoba chini. Akatazama mbao, akatazama juu zinakopita reli. "Bon. Basi ungoje mpaka vendredi, hiyo Ijumaa. Minakuomba, yaya. Nikitoka kazi vendredi, mi mwenyewe nitakushikia telefone, utapiga."

"Furaha, treni zinapita."

"Zilipita jana. Zimepita leo, si umeziona?"

"Zina watu ndani."

Halafu akasema, bila hasira, "Na mi niko mutu, yaya."

Wanangu, nimeambiwa maneno mengi katika maisha yangu. Nimetukanwa na madereva, nimefokewa na wakubwa. Hakuna neno lililonichoma kama hilo. Niliinuka nikaenda mwanzo wa daraja, palipo na kibao chenye namba ya simu ya watu wa reli, nikapiga huku ananitazama. Nilieleza nguzo ipi, mguu upi, upande upi. Kabla ya magharibi walikuwa wamefika. Walipunguza mwendo wa treni za juu, chini wakaweka vizuizi vya chuma. Furaha alisimama mpaka walipofunga cha mwisho, akachukua mkoba wake, akaenda zake kupitia barabara kuu.

Jumatano alipanda mabasi mawili akachelewa. Nilikuwa nimemwambia nilale kwake nimpeleke kwa gari, akakataa, akasema atajipanga mwenyewe. Usiku akanitumia ujumbe mfupi, basi njoo kesho. Alhamisi niliswali alfajiri nikaingia barabarani. Mnaijua barabara ya kutoka Germantown. Lori lilikuwa limelala ubavu katikati, magari yote yamesimama, nami nimekaa nimeshika usukani nalia kama mtoto. Nilipofika, nilimkuta amesimama ukingoni mwa barabara na mkoba begani. Akaingia akafunga mlango. Tulifika kwa bibi yule, kijana wake akatufungulia mlango, akatusalimu vizuri sana. Watu wakisalimia vizuri namna ile, ujue wameshaamua.

Ijumaa walimchagua yule mwingine. Furaha alirudi kwenye zamu za vipande, akavumilia kidogo, kisha akahamia kwa kaka yake, mbali huko majimbo ya katikati. Siku ya kumuaga alinikumbatia kama kawaida, akanishukuru kwa chai zote, wakati chai alikuwa ananiletea yeye. Ningependa angenitukana.

Mhandisi wa reli aliniita baadaye nimwonyeshe kila nilipogonga. Kijana mdogo, mpole, anajua kazi yake barabara. Alikuwa amepima kila mguu. Aliniambia unyevu wa mto ulianza zamani, chumvi ikaja kumalizia, na kwamba juu wameshaimarisha, treni ziko salama. Chini, alisema, ni habari nyingine. Kaunti inasema matengenezo ni ya reli, reli inasema mbao ni za kaunti. Mnajua fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na nyasi siku hizi zinapanda mabasi mawili. Mkitaka kurekodi video, nendeni kwenye mkutano wa kaunti mrekodi hayo, na mseme na habari ya chumvi pia, msiifiche. Mtu anayesema ukweli wote ni vigumu kumfukuza.

Kabla sijaondoka nilimuuliza jambo. Nikamwambia, lingesimama mpaka Ijumaa?

Hakuelewa kwa nini nauliza, lakini alifikiria kweli, hakunijibu ovyo. "Mpaka Ijumaa ile?" akasema. "Mama, lingesimama Ijumaa ile na Ijumaa nyingine nyingi. Ila wewe usingeweza kujua. Hata mimi nisingejua kabla ya kupima." Alidhani ananifariji. Nilimshukuru nikarudi kwenye gari, na sikuliwasha kwa muda mrefu.

Sasa Esperance, binti wa Furaha, wewe najua umo humu kwenye kikundi, na najua unasoma Kiswahili kuliko unavyokizungumza. Msomee mama yako mpaka hapa, usiruke. Mwambie yaya anasema lingesimama mpaka Ijumaa, niliuliza nikaambiwa. Kisha mwambie na hili, maana nikilificha nitakuwa sijasema kitu: ingekuwa leo, nimekaa naye kwenye ubao uleule, ningeinuka nikapiga ile simu tena bila kungoja. Ndiyo sababu mpaka leo nimeshindwa kumpigia yeye.